Mzeituni katika Bustani za London



Huko tulikotoka hapakuwa na haja kubwa ya jina maalumu la miti ambayo haivui majani yake yote kwa msimu mmoja. Mwembe, mfenesi, mkarafuu na mnazi husimama katika ukijani wao mwaka mzima, wala hakuna anayestaajabu. Anayestaajabiwa ni mbuyu, ambao kiangazi huuacha mtupu. Huku Uingereza mambo ni kinyume. Ifikapo mwisho wa Novemba miti mingi ya barabarani imebaki matawi matupu. Watoto waliozaliwa hapa huona ndiyo kawaida ya mti, ilhali mzazi aliyefika juzi huuliza ni maradhi gani yaliyoipata.

Si ajabu basi kwamba familia nyingi, zikijaaliwa kipande cha bustani nyuma ya nyumba, hutamani kwanza mti ulio kijani siku zote. Aghalabu huanza na kokwa la embe. Kokwa huota vizuri kwenye dirisha la jikoni, mche hufikia majani manane au kumi, kisha hutolewa nje na kuuawa na baridi ya kwanza. Mwarobaini na mkarafuu nayo hali yake ni hiyo hiyo. Pale Kew, katika jumba la vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848, miti ya nchi za joto inastawi, lakini inastawi kwa kupashwa joto majira yote ya baridi; na bili za gesi sote tunazijua.

Wengine, wakikata tamaa na miti ya nyumbani, hununua leylandii, kwa kuwa ni rahisi na hurefuka kwa kiasi cha mita moja kwa mwaka. Mti huu una asili ya kupendeza. Wazazi wake ni aina mbili za saipresi za pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ambazo huko kwao zimeota mbalimbali na hazikupata kukutana. Zilikutana ugenini, katika bustani ya jumba la Leighton huko Wales, na mtoto wao akatambuliwa mwaka 1888. Hata hivyo hatuwashauri wasomaji kuupanda. Ukiachwa miaka michache humnyima jirani mwanga, na ugomvi wa aina hii ulizidi hata Bunge likatunga sheria mwaka 2003, iliyoanza kutumika hapa Uingereza mwaka 2005. Ua wa miti ya kijani inayozidi mita 2 kwa urefu waweza kushtakiwa kwa halmashauri ya mtaa, nayo yaweza kuamuru upunguzwe. Anayekaidi amri hiyo hukabiliwa na faini ya hadi pauni 1,000.

Mti tunaoupendekeza sisi ni mzeituni. Hukua polepole, hukubali kukatwa, na baridi ya London huivumilia. Tena si mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Katika misitu ya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania yumo ndugu yake wa damu, mzeituni-mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamasai oloirien; moshi wa kuni zake ndio unaofukizwa ndani ya vibuyu vya maziwa. Anayetilia shaka kwamba mti wa nchi za jua waweza kuishi hapa, na aende Chelsea Physic Garden, bustani ya mimea ya dawa iliyoanzishwa mwaka 1673. Huko atauona mzeituni mkubwa uliozeeka nje, bila paa la vioo, ukikingwa na kuta za matofali karibu na mto Thames.

Lakini twasikia jibu ambalo tumelisikia mara nyingi: nyumba si yetu, mwakani tutahama, au mwakani tutarudi nyumbani. Jibu hili lina uzito wake. Kule Unguja na Pemba, tangu zamani mtu aliweza kumiliki mikarafuu au minazi iliyosimama juu ya ardhi ya mwingine. Kwa sababu hiyo hiyo wenye mashamba katika pwani yetu waliwakataza waliokaa kwa hisani yao kupanda miti ya kudumu, wakawaachia mihogo na mahindi tu, maana mnazi ni dai. Sheria ya hapa haina mlango huo. Mti mpangaji aliouchomeka ardhini huhesabiwa kuwa sehemu ya ardhi, na siku ya kuhama humbakia mwenye nyumba. Ulio ndani ya chungu ni wako, na utapanda gari la mizigo pamoja na vitanda. Tunawajua watu walioishi hapa miaka ishirini bila kupanda hata mnanaa, kwa kuungoja huo mwakani. Watoto wao wamekuwa watu wazima bila kuulizwa hata siku moja kama wamemwagilia mti.

Chungu na kiwe na upana wa sentimita 40 au zaidi, chenye matundu chini, kikiinuliwa juu ya vipande vya matofali ili maji yatoke. Udongo uchanganywe na changarawe. Kiwekwe penye jua jingi, ukuta wa kusini au wa magharibi ukiwapo. Waishio ghorofani waulize kwanza kama roshani yao yaruhusiwa. Kwenye ujia wa pamoja chungu kisiwekwe kabisa, kwani huziba njia ya kukimbilia moto ukizuka. Mche ununuliwe hapa hapa. Tusiubebe kwenye sanduku kutoka safarini, maana mmea usio na cheti cha afya hutwaliwa na kuharibiwa.

Wakati wa joto chungu hukauka upesi. Tarehe 19 Julai 2022, Heathrow ilipofikia nyuzi 40.2, mmea wa chunguni ulihitaji maji kila siku. Wakati wa baridi yatosha kuulowesha kidogo tu, kwani mizizi iliyolowa na kuganda huoza. Mti uliokomaa huvumilia nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri kwa muda mfupi, lakini mizizi ya chunguni haina ardhi ya kuikinga. Usiku wa barafu kali chungu kizungushiwe gunia au blanketi kuukuu. Kosa linaloua mizeituni mingi ni huruma: kuuingiza sebuleni kando ya hita. Hewa kavu huangusha majani, na bila miezi ya ubaridi mti hautoi maua.

Majani ya zamani yakigeuka manjano na kuanguka wakati wa machipuko, msiogope. Kila jani huishi miaka miwili au mitatu hivi, kisha humpisha jingine. Mwaka wa jua jingi huenda mkapata zeituni chache mwishoni mwa vuli. Mbichi hazilikagi kwa uchungu. Zipasuliwe kwa kisu, zilowekwe katika maji yanayobadilishwa kila siku kwa wiki moja au mbili, kisha zitiwe katika maji ya chumvi na kuachwa wiki kadhaa ndani ya chupa iliyofunikwa.