Maneno Yatembeayo Wawili Wawili

Yako maneno yaendayo wawili wawili kama maksai chini ya nira moja: "ama" na "ama", "si" na "wala". Ukisikia la kwanza, wangoja la pili. Waingereza nao wanayo: "either" na "or", "neither" na "nor". Ni maneno mema, lakini mara nyingi hubeba maana mbili.

Mtu akisema, "Leo ama zangu ama zake," hachagui kitu; atangaza ugomvi. Akisema, "Fulani hana mbele wala nyuma," hasemi habari za mwili, bali umaskini. Katika mazungumzo mafumbo haya ni utamu.

Katika hati ni hatari. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia kweli. Mashamba huku Ugogo yakazidi kutafutwa. Basi hati ikisema, "Mnunuzi atalipa ama fedha ama ng'ombe," jiulize: ni nani achaguaye? Muuzaji adhani ni yeye, mnunuzi naye vivyo hivyo. Andikeni wazi nani atachagua, fedha kiasi gani, ng'ombe wangapi.

Tena hati ikisema, "Haruhusiwi kulima na kujenga," je, akilima tu bila kujenga? Andikeni, "Haruhusiwi kulima wala kujenga," na mlango umefungwa.

Kiingereza kina mtego zaidi. "Either" mara ni kimoja katika viwili, mara ni vyote viwili. "On either side of the road" ni pande zote mbili za barabara. Kijana wa sekondari akimfasiria babu yake "upande mmojawapo", mzee aweza kupoteza nusu ya miti yake.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo jema, lakini Kiswahili nacho kina "ama" zake.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutia dole gumba, hati isomwe kwa sauti. Kila upande ueleze maana yake kwa Kigogo au lugha ya nyumbani. Zikitokea maana mbili, sahihisheni hapo hapo mbele ya mashahidi, kisha ipelekeni kwa halmashauri ya kijiji, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka kibali chake. Kufuta neno leo ni kazi ya kalamu; kulifuta baada ya kesi ni kazi ya miaka.