MGONJWA, MIZIGO NA MTUMBWI
Namna ya kusafirisha dawa na vifaa vya hospitali bila kupoteza wala kuharibu



Katika vijiji vyetu vya Wenje na kandokando ya Mto Tana, mgonjwa akipewa barua ya rufaa, jambo la kwanza tunalouliza ni nauli. Tunachanga, tunahesabu, tunampigia simu ndugu aliye Malindi au Mombasa ampokee. Hayo ni mema. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi hatulizungumzi mpaka limetuharibikia: dawa na vifaa vya mgonjwa vitafika vipi?

Safari ya kutoka huku si ya gari moja. Wengine huanza kwa mtumbwi, wakapanda bodaboda mpaka barabara kuu, wakangoja basi la kwenda Hola au Garsen. Kutoka Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mwenye kwenda Hospitali Kuu ya Pwani iliyo Mombasa bado ana mwendo mrefu mbele yake. Kila mahali tunapobadilisha chombo, mizigo inashushwa na kupandishwa upya. Na kila inaposhushwa, kuna kitu kinaweza kusahaulika, kulowa, kuvunjika au kuchukuliwa na mwingine.

Dawa ikipotea njiani, si kama kupoteza kuku au fungu la ndizi. Mtu wa kifafa akikatiza dawa ghafula anaweza kuanguka kwa kifafa cha kufuatana. Mwenye kisukari akikosa insulini siku chache anaweza kufa. Mwenye dawa za TB au za virusi vya UKIMWI akikatiza, ugonjwa unaweza kujifunza kuizoea dawa, na kumtibu baadaye kukawa kugumu zaidi. Kwa hiyo tusione haya kuzungumza habari ya mfuko.

MIZIGO IGAWANYWE MARA TATU

Sisi watu wa mtoni hatuendi mjini mikono mitupu. Wakati wa embe tunabeba gunia la embe. Kuna mkungu wa ndizi, kuna kuku wawili wa mwenyeji. Ni desturi nzuri, wala hakuna anayesema iachwe. Shida ni kwamba vitu vya mgonjwa ni vidogo, na vya zawadi ni vikubwa. Basi likija, kila mtu anakimbilia gunia, na kale kafuko kenye dawa kanatupwa juu ya keria pamoja na mikungu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, gawanyeni mizigo hivi:

1. Mfuko wa mgonjwa. Huu hauachi mkono. Haupandi keria wala haungii kwenye buti ya basi. Unakaa mapajani au miguuni.

2. Vifaa. Kiti cha magurudumu, magongo, mtungi wa oksijeni, godoro. Hivi vinakuwa na mtu wake mmoja wa kuvihesabu kila kituo.

3. Zawadi na nguo. Hizi zikichelewa au zikipotea, tutasikitika, lakini hakuna atakayekufa. Kama nafasi ni ndogo, hizi ndizo za kubaki.

MFUKO WA MGONJWA UWE NA NINI?

- Dawa zote anazotumia, zikiwa ndani ya pakiti au chupa zake zenye jina. Msichanganye vidonge katika kikaratasi kimoja. Daktari atakayempokea hawezi kujua kidonge cheupe ni cha presha au cha kifafa.
- Dawa za siku za safari pamoja na za ziada. Mvua ikinyesha barabara zetu hukatika, na safari ya siku mbili ikawa ya wiki mbili. Mwombeni mhudumu wa zahanati mapema, si asubuhi ya kusafiri.
- Barua ya rufaa, kadi ya kliniki, picha za eksirei, kitambulisho, na namba ya kujiandikisha SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye simu ya kupiga picha azipige picha karatasi zote. Maji yakiingia, picha itabaki.
- Karatasi moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: jina la mgonjwa, ugonjwa wake, dawa na saa zake, dawa zinazomdhuru, na simu ya ndugu.
- Maji ya kunywa, chakula kidogo, na kwa mwenye kisukari, sukari au pipi. Akianza kutokwa na jasho, kutetemeka au kusema maneno yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, apewe sukari mara moja.

Zamani tulifunga dawa kwa juala la nailoni. Mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Lakini tuna kitu bora zaidi jikoni: mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia au ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana. Uoshwe, ukaushwe vizuri juani, kisha dawa na karatasi zitiwe ndani. Jaribuni mkebe wenu kabla ya safari: utieni karatasi kavu, fungeni, uzamisheni kwenye karai la maji kwa dakika chache. Karatasi ikitoka kavu, mkebe unafaa.

DAWA HAIPENDI JOTO LETU

Huku kwetu joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30. Dawa nyingi zimeandikwa zisiwekwe mahali penye joto kuliko hapo. Juu ya keria ya basi, au katika buti karibu na injini, joto ni kali zaidi.

Insulini ndiyo yenye masharti makubwa. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8. Ikishafunguliwa, nyingi hudumu kama wiki nne nje ya friji mahali pa baridi pasipo jua. Someni karatasi iliyomo ndani ya pakiti. Nyumbani pasipo friji, chungu cha udongo husaidia. Wekeni chungu kidogo ndani ya kikubwa, jazeni mchanga katikati, loweni ule mchanga asubuhi na jioni, kisha funikeni kwa kitambaa kibichi kivulini penye upepo.

Njiani, tieni insulini ndani ya thamosi ya mdomo mpana iliyopozwa, au ndani ya mkebe uliozungushiwa kitambaa cha pamba kilichololewa maji. Mkipata barafu, isiguse chupa. Katikati pawe na taulo. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Itupwe.

VIFAA VIZITO

Kiti cha magurudumu. Ondoeni sehemu za kuwekea miguu na mto wa kukalia, vitieni kwenye gunia moja lenye jina. Kunjeni kiti, kifungeni kamba kisifunguke. Kwenye basi kisimame wima, kisiwekewe mizigo juu, maana chuma kikipinda hakitakunjuka tena.

Magongo na mguu wa bandia. Magongo yafungwe pamoja kwa leso. Yasiwe mbali na mwenyewe, kwani basi likisimama ghafula au likiharibika porini, hayo ndiyo miguu yake.

Mtungi wa oksijeni. Huu ni mzito na una nguvu ndani. Usisafirishwe bila mafundisho ya mhudumu wa hospitali. Ulazwe chini na kufungwa usibingirike, usipigwe, usivutiwe sigara karibu, wala msipake mafuta kwenye koki yake hata kama ni ngumu. Oksijeni na mafuta hushika moto. Ulizeni pia mtungi utatosha saa ngapi, na mpige hesabu ya basi kuchelewa.

Mpira wa mkojo. Mfuko wake uwe chini ya kiuno cha mgonjwa siku zote, hata anapobebwa. Ukiinuliwa juu, mkojo hurudi ndani na kuleta ugonjwa. Usiwekwe kwenye maji yaliyo ndani ya mtumbwi, wala mpira usikunjwe au kukaliwa. Mwageni mfuko kabla ya kupanda basi.

NDANI YA MTUMBWI

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika mtumbwi, ngamani ndipo mahali pa mgonjwa: katikati, chini, ameketi juu ya mto au gunia la nyasi kavu, si juu ya ukingo wala juu ya mizigo. Mizigo mizito nayo iwe chini na katikati, isilundikwe juu. Mtumbwi uliojazwa kwa juu hupinduka kwa urahisi.

Yako mambo manne ambayo kikundi kiyashike kama amri:

Kwanza, mgonjwa asivushwe akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, na asifungwe kwa kamba kwenye chombo. Mkipinduka, kamba itamvuta chini. Abebwe, aketishwe, na kiti kije kwa safari ya pili.

Pili, avae jaketi la kuokolea maisha. Pasipo jaketi, kuwe na jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, karibu na mkono wake na wa msindikizaji. Si sawa na jaketi, lakini linaelea na mtu anaweza kulishika.

Tatu, mkebe wa dawa ufungwe na jerikeni dogo tupu la lita 5. Ukianguka utaelea, utaokotwa. Lakini kama mtumbwi umepinduka, okoeni watu kwanza. Mtu asifuate mfuko kwenye maji yenye mamba.

Nne, vukeni mchana. Jioni viboko hutoka kwenda malishoni, na gizani hata mwenye pondo hodari haoni gogo linalokuja na maji.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 28 Aprili 2024, wakati wa mafuriko makubwa, boti ya abiria ilizama Kona Punda, upande wa Garissa. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakafa maji. Miaka 30 kabla, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa na kuua watu 272. Chombo kiwe kidogo au kikubwa, kisipakiwe kupita kiasi. Mwenye mtumbwi akisema "bado nafasi ya mmoja", na nyinyi mnaona maji yamekaribia ukingo, shukeni mngoje.

KWENYE BASI NA KWENYE MELI

Mwambieni makanga mapema kwamba kuna mgonjwa na kifaa, kabla basi halijajaa. Ulizeni malipo ya kiti cha magurudumu kabla ya kupakia, si baada. Utingo akipandisha mzigo, msindikizaji asimame hapo aone umewekwa wapi. Na kwenye vizuizi vya barabarani, sindano na chupa zikiwa pamoja na barua ya zahanati, askari akifungua mfuko ataelewa bila maneno mengi.

Wako pia wanaosafiri baharini mara ya kwanza. Mwenye kwenda Lamu hushuka gari Mokowe na kupanda boti mpaka kisiwani. Gatini mizigo hupokewa na wapagazi, na katika ile haraka mifuko hufanana. Wekeni alama ya kitambaa chekundu au rangi kwenye kila mzigo wenu.

Hata watalii wanaokuja Kilindini kwa meli kubwa kama mtaa mzima hufuata kanuni hii hii. Siku ya kupanda meli, masanduku yao huchukuliwa gatini na huweza kufika chumbani saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo huambiwa dawa, miwani na karatasi za daktari zibaki katika begi la mkononi, na mwenye mashine ya kupumulia au oksijeni aiarifu kampuni kabla ya safari. Tajiri na maskini, hapo wako sawa: dawa iliyo mbali na mwenyewe si dawa.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtu mmoja peke yake hawezi kununua kila kitu, lakini kikundi kinaweza. Tunapendekeza kila kikundi kiwe na sanduku la safari ya mgonjwa: mikebe miwili inayobana, jerikeni la lita 5 na la lita 20, kamba, thamosi, majaketi mawili ya kuokolea, mto, na daftari la kuandikia aliyeazima na siku ya kurudisha. Mchague watu wawili wa kulitunza, mama mmoja na kijana mmoja. Akiondoka mgonjwa, mmoja wao aende nyumbani kwake jioni ya kuamkia safari, akahesabu vitu pamoja na msindikizaji. Kazi hiyo huchukua nusu saa.

Msindikizaji naye achaguliwe kwa busara. Si lazima awe mwenye nguvu nyingi. Awe anayeweza kusoma maandishi ya dawa, mwenye subira, na asiyekwenda mjini kwa shughuli zake nyingine. Wakati wa mafuriko, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, iandikwe juu ya kifuniko cha sanduku.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni nani wanaotumia dawa za kila siku? Je, wana mkebe wa kuzihifadhia?
2. Mgonjwa akipata rufaa usiku wa leo na mto umejaa, tutampitisha wapi, na kwa chombo cha nani?
3. Mwenye mtumbwi wetu hupakia watu wangapi? Nani miongoni mwetu atamwambia akizidisha?
4. Sanduku la safari litatugharimu kiasi gani, na kila nyumba itoe nini?

Mkishajibu swali la nne, andikeni tarehe ya kununua kabla ya kufunga mkutano.