Biashara ya Kaboni na Moshi wa Jikoni Mwambao wa Ziwa Victoria

Biashara ya kaboni ni utaratibu ambao mtoaji wa gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto la dunia kutoroka angani, humlipa mwingine anayepunguza gesi hizo mahali pengine, na kila tani ya hewa ukaa iliyozuiliwa huuzwa kama hati. Barani Ulaya, ambako tangu mwaka 2005 sheria imeweka ukomo wa uchafuzi wa viwanda, ambao sasa hushushwa mwaka hadi mwaka, biashara hiyo imesaidia kupunguza gesijoto kwa kiasi kikubwa. Lakini hati nyingi zitokazo Afrika Mashariki ni za soko la hiari, lisilo na ukomo wowote, na thamani yake hutegemea makisio ya kile ambacho kingetokea kama mradi usingekuwapo.

Udhaifu wa makisio hayo huonekana wazi katika jiko banifu, linalotumia kuni au mkaa kidogo kuliko mafiga. Mwenye mradi hukadiria kuni zilizookolewa, kisha hukadiria ni sehemu gani ya kuni hizo isingeota tena, kwa sababu mti unaochipua hufyonza upya hewa ukaa iliyotolewa na ule uliochomwa. Makadirio yakizidi, au ikidhaniwa kwamba kaya ya Sengerema au Ukerewe, mwambaoni mwa Ziwa Victoria nchini Tanzania, imeacha mafiga ilhali makande bado yanachemkia hapo, tani zisizokuwapo huuzwa, na mnunuzi huendelea kuchafua akiamini amelipa deni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilijihesabia takriban mara 9 ya punguzo la kweli. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Ziwa Victoria lilifurika kuliko ilivyowahi kupimwa, na kwa kuwa hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi na kuzidisha mvua kubwa, wakazi wa mwambao hawana nafasi ya kuvumilia hesabu za uongo.

Kwa upande wa afya, moshi wa kuni hubeba chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Inasikitisha kwamba jaribio la Malawi lililohusisha watoto zaidi ya 10,000 halikuona nimonia ikipungua katika kaya zilizopewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, na miongoni mwa sababu walizotaja watafiti ni vyanzo vingine vya moshi, kama uchomaji wa taka.

Utafiti wa Berkeley ulionyesha pia kwamba miradi inayopima nishati kwa mita ndiyo iliyokaribia ukweli, ikizidisha kwa takriban mara 1.5 tu, na gesi au umeme unaopimwa hivyo hutoa chembechembe chache mno jikoni. Tanzania, iliyotunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022 na kulenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, ina sababu ya kuzipa hati za namna hiyo kipaumbele, mradi sehemu kubwa ya mapato ishushe bei ya gesi hadi mama lishe wa Kirumba, jijini Mwanza, asilazimike kurudi kwenye mkaa mtungi unapokwisha.