Springi na Shokapu Zinazorekebishika: Taja Kazi Kabla ya Jina

Mlaji wa Dar es Salaam anayependa mashindano ya magari aghalabu ana gari moja tu. Siku ya mapumziko hulipeleka kwenye uwanja wa vumbi kushindana na saa. Kesho yake gari hilohilo huwapeleka watoto shuleni na kuvuka kwa pantoni pale Feri. Makala haya yanamhusu mlaji huyo, pamoja na mwingine yeyote aliyewahi kuambiwa Kariakoo kwamba shokapu “za kurekebisha” zitamaliza matatizo yote ya gari lake.

Mchezo wa kushindana na saa kwenye njia fupi yenye kona nyingi huitwa otokrosi. Nchini Kenya umezoeleka, na mapenzi ya mbio za magari katika ukanda wetu ni ya miaka mingi: Safari Rally ilianza mwaka 1953, na njia yake ya awali ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa mshindani asiye na kampuni inayomfadhili, springi na shokapu ni miongoni mwa vifaa vya kwanza anavyotamani kubadilisha. Pia ni miongoni mwa vifaa ambavyo ni rahisi kuuziwa visivyofaa, kwa kuwa ubora wake umefichika ndani ya chuma.

Kazi mbili tofauti

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu hulizuia gari lisiendelee kudunda baada ya kupita kwenye shimo: husukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Ndiyo maana shokapu huwa ya moto baada ya mwendo mrefu wa barabara mbovu. Shokapu, hata iwe ya bei gani, haiwezi kubeba uzito ulioishinda springi. Na springi mpya haiwezi kutuliza mdundo ulioishinda shokapu iliyochoka. Vifaa hivi viwili sharti vilingane.

Ugumu wa springi hupimwa kwa namba. Springi ya kilo 4 kwa milimita hufupika milimita 10 inapobebeshwa kilo 40. Jicho haliwezi kuuona ugumu huo. Springi mbili zikilingana kwa kila kitu, lakini moja ikawa na waya wa milimita 12 na nyingine wa milimita 13, ya pili huwa ngumu zaidi kwa theluthi moja na ushei. Kwa hiyo usikubali maneno “ngumu kidogo” au “ya mashindano”. Omba namba.

Tunatahadharisha hasa juu ya springi zilizokatwa ili kulishusha gari. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mzunguko mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20, nayo huwa fupi. Shokapu ambayo haikutengenezwa kwa kimo hicho hugonga mwisho wake mapema, na gari linaporuka tuta springi inaweza kuchomoka kwenye kitako chake. Mwenye gari kama hilo hukumbushwa kosa lake pale Feri: maji yakipwa, mteremko wa kuingilia pantoni huwa mkali zaidi, na bampa hukwaruza chini.

Nini hasa kinachorekebishwa?

Neno “inayorekebishika” lina maana tatu, na muuzaji anapaswa kukueleza anakusudia ipi.

Ya kwanza ni kimo. Mwili wa shokapu una nyuzi, na kitako cha springi hupandishwa au kushushwa kwa kuzungusha nati. Ya pili ni ukinzani wa shokapu inaporefuka, yaani gurudumu linaposhuka. Ya tatu ni ukinzani wake inapobanwa, yaani gurudumu linapopanda. Shokapu nyingi zenye kitufe kimoja hubadilisha zaidi ukinzani wa kurefuka. Zenye vitufe viwili hutenganisha kazi hizo, na bei yake huwa juu.

Kurekebisha zaidi si faida kwa kila mtu. Mshindani anayeanza hunufaika na shokapu ya kitufe kimoja, mradi aanzie kwenye hali laini, abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, kulia na kushoto zilingane, na aandike namba ya kila mbofyo. Asiyeandika hurudi nyumbani bila kujua kilichomsaidia.

Ardhi ndiyo mwamuzi

Kwenye lami laini, springi ngumu na gari la chini husaidia katika kona. Kwenye vumbi na mashimo, gurudumu linahitaji nafasi ndefu ya kupanda na kushuka ili lisiache ardhi. Gari likishushwa sana, nafasi hiyo hupotea, na tairi isiyogusa ardhi haifungi breki wala haikati kona. Seti iliyosifiwa kwa mashindano ya lami ya nchi nyingine inaweza kuwa hasara katika viwanja vyetu, na kwa gari la kila siku inaweza kuwa hatari. Vilevile kagua kwanza bushi, boljointi na tairi. Kama hivyo vimechoka, fedha ya shokapu mpya itapotea bure.

Ukiwa dukani

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani na mitaa ya jirani, tunashauri mambo yafuatayo:

1. Nenda na namba ya chesisi. Toyota IST yenye alama NCP60 huendeshwa kwa magurudumu ya mbele. NCP65 huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Jina la gari ni moja, lakini usidhani vipuri vya nyuma ni vilevile.

2. Simamisha shokapu wima, ibane na kuiachia mara kadhaa, kwanza ikiwa kwenye hali laini, kisha kwenye hali ngumu. Usiposikia tofauti yoyote mkononi, kitufe hicho ni pambo.

3. Chunguza ufito wa chuma. Ukiwa na mikwaruzo, kutu au unyevu wa mafuta, sili imeharibika au itaharibika karibuni. Kwa shokapu za mtumba, rangi mpya juu ya mafuta ya zamani ni sababu ya kutonunua.

4. Nunua kwa jozi. Usichanganye kampuni mbili, wala mpya na kuukuu, kwenye ekseli moja.

5. Uliza kama sili na mafuta vinaweza kubadilishwa hapa nchini, na kwa bei gani. Shokapu isiyo na fundi ni ya kutumia mara moja.

6. Ufungaji ufanywe na fundi mwenye kibanio cha springi. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Baada ya kufunga, gari lipimwe alaimenti.

Haki yako huanzia kwenye maneno yako

Wanunuzi wengi huingia dukani na kutaja jina la kampuni maarufu. Hilo lina madhara mawili. Kwanza, jina maarufu ndilo linaloigizwa na watengenezaji wa bidhaa bandia. Pili, na hili hujulikana kwa wachache, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kuutegemea ujuzi wake: bidhaa sharti iifae kazi hiyo. Lakini aliyeagiza bidhaa mahususi kwa jina lake la kibiashara anaweza kuukosa ulinzi huo, kwa kuwa amejichagulia mwenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kutaja kazi. Sema: “Nina IST NCP60, naiendesha kila siku nikiwa na abiria wanne, na mara moja kwa mwezi nashindana kwenye vumbi. Unanishauri nini?” Kisha omba jibu liandikwe kwenye risiti au karatasi yenye muhuri wa duka: aina ya shokapu, ugumu wa springi, mpya au mtumba, na muda wa dhamana. “Winga” aliyekupokea barabarani anaweza kukuonyesha njia, ila anayepaswa kuandika na kukupa risiti ya EFD ni mwenye duka. Bila risiti, malalamiko yako hukosa mguu wa kusimamia.

Ukigundua umepotoshwa, acha kukitumia kifaa hicho, kipige picha pamoja na kasha lake, na umrudie muuzaji mapema. Asipokusikiliza, wasiliana na Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia.

Mwisho, soma mkataba wako wa bima. Bima nyingi za kawaida hazihusishi ajali ya mashindanoni, na mabadiliko ya gari ni vema yaripotiwe kwa maandishi. Abiria wa Jumatatu hawakuchagua springi uliyofunga Jumamosi. Wanategemea kwamba wewe uliuliza maswali kabla ya kulipa.