Daraja la miguu Uluguru: Kwa nini mazingira hupimwa kabla ya kujenga jipya

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika Milima ya Uluguru, vijito vinavyovukwa kwa kurukaruka mawe wakati wa kiangazi hugeuka mito yenye nguvu ndani ya saa chache.

Kwa mkulima anayesukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni Morogoro mjini, kwa mama mjamzito anayewahi zahanati, na kwa mwanafunzi ambaye shule yake iko ng'ambo, safari hutegemea daraja dogo la miguu ambalo pengine lina umri mkubwa kuliko wao.

Daraja la namna hiyo linapochakaa, wananchi huuliza swali moja: kwa nini lisibomolewe na kujengwa jingine mara moja? Kwao, habari ya kupima mazingira huonekana kama kisingizio cha kuchelewesha kazi. Makala haya yanaeleza upimaji huo ni nini, na unamlinda nani.

Kwa nini madaraja huchakaa

Umri peke yake hauui daraja. Mbao huoza na kuliwa na mchwa, na vyuma hushika kutu, lakini adui mkubwa ni maji yanayochimba udongo chini ya nguzo. Daraja huweza kuonekana zima kwa juu huku misingi yake ikining'inia.

Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka. Pale msitu unapofyekwa kwa ajili ya mashamba au mkaa, maji hayo hayapati muda wa kuzama ardhini. Huteremka kwa kasi yakiwa na tope, magogo na mawe, na vyote hivyo hugonga nguzo. Uchimbaji wa mchanga karibu na daraja huongeza hatari kwa kuwa huteremsha kina cha mto.

Mkoa wa Morogoro unaufahamu uchungu wa jambo hili. Januari 2014, mafuriko yaliharibu daraja eneo la Dumila na kukata barabara ya Morogoro hadi Dodoma. Machi 2020, ilikuwa zamu ya Kiyegeya wilayani Gairo. Hizo zilikuwa njia kuu, na taifa zima lilisikia. Daraja la miguu likisombwa mlimani, wanaosikia ni wale tu waliobaki ng'ambo.

Sheria inasemaje

Msingi wa yote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zilizorekebishwa mwaka 2018. Sheria hiyo inataka mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, si baada ya saruji kumwagwa.

Hata hivyo, si kila mradi hupitia mlolongo uleule. Kanuni za 2018 ziliigawa miradi katika makundi. Mikubwa hufanyiwa tathmini kamili na wataalamu waliosajiliwa, wakati midogo huweza kumalizikia kwenye maelezo mafupi ya mradi. Maelezo hayo huwasilishwa katika chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ambacho wananchi wengi wamekizoea kwa jina la NEMC tangu kilipoanzishwa mwaka 1983.

Kwa maneno mengine, daraja la miguu halilazimiki kusubiri kama bwawa la umeme. Kinachoamua ni ukubwa wake na, zaidi ya hapo, mahali lilipo.

Na Uluguru si mahali pa kawaida. Msitu wake ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ukiwa na zaidi ya hekta 24,000. Ndani yake kuna viumbe wasiopatikana penginepo duniani, akiwamo ndege mmoja wa jamii ya chozi. Daraja likiwa ndani ya hifadhi au mpakani mwake, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania nao huwa na neno.

Aidha, sheria hiyo ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Daraja haliwezi kukwepa ukingo, hivyo ujenzi wake huihusu pia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro.

Nini hupimwa

Jambo la kwanza ni maji. Mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo tegemeo kubwa la wakazi wa Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Udongo unaochimbwa kwa ajili ya msingi na kutupwa mtoni humfikia mtumiaji wa maji aliye mbali. Maji yaliyooshea zana za saruji nayo huua samaki na kuwadhuru watu wanaochota chini ya eneo la kazi.

Kwa sababu hiyo, uchimbaji hupangwa kiangazi, udongo huwekwa mbali na ukingo, na zege huchanganywa mahali ambapo mabaki yake hayatatiririka mtoni.

Jambo la pili ni vifaa. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi mwaka 2017, umekuwa ukijenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, ukiwamo Kigoma. Mawe hupunguza matumizi ya nondo na saruji, lakini yakichimbwa kwenye mto uleule, daraja jipya huandaliwa anguko lake siku ya kwanza.

Kwenye mabonde yenye kina, lipo daraja la kuning'inia kwa kamba za chuma, ambalo halihitaji nguzo ndani ya maji. Nepal, nchi ya milima mirefu, imejenga zaidi ya madaraja 10,000 ya miguu, mengi yakiwa ya aina hiyo. Rwanda nayo imejenga mengi kwa kushirikiana na shirika la Bridges to Prosperity.

Jambo la tatu, ambalo ndilo lenye mvutano, ni upana. Daraja jembamba huwatosha waendao kwa miguu, baiskeli na machela ya mgonjwa. Likipanuliwa, pikipiki hupita, na mazao hufika sokoni yakiwa mabichi. Lakini likifikia upana wa gari, njia hiyo hiyo huweza kuwafaa wavuna mbao na wachoma mkaa. Hapo tathmini haitoi jibu rahisi. Huweka faida na hasara mezani ili uamuzi ufanywe kwa macho yaliyo wazi.

Sauti ya wananchi

Sheria inataka watakaoguswa washirikishwe. Historia ya Uluguru inaonyesha sababu. Mwaka 1955, wakulima wa milima hiyo waliupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuhifadhi udongo, lakini amri ilitoka juu, na ghasia zikaukwamisha mpango huo.

Kwa daraja, ushirikishwaji una faida ya moja kwa moja. Wazee wa kijiji ndio wanaojua maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa, na kimo hicho ndicho mhandisi anachokihitaji ili kuamua daraja liinuliwe kiasi gani. Mahali pa kusemea ni mkutano mkuu wa kijiji, na mwananchi ana haki ya kumuuliza mtendaji wa kijiji au diwani kama mradi umesajiliwa na umewekewa masharti gani.

Wakati wa kusubiri

Upimaji wa mazingira hauwezi kuwa sababu ya kuwaacha watu wavuke juu ya mbao zilizooza. Ukarabati wa dharura, kuzuia mizigo mizito na kuweka alama ya kimo cha maji ni mambo yanayoweza kufanywa huku nyaraka zikishughulikiwa.

Pia ni busara daraja la zamani lisiondolewe kabla jipya halijawa tayari. Ndivyo ilivyokuwa Wami, ambako daraja la mwaka 1959 lenye njia moja liliendelea kupitisha magari hadi jipya, lenye urefu unaozidi mita 510, lilipofunguliwa mwaka 2022.

Ikiwa maelezo ya mradi yatawasilishwa mapema wakati wa kiangazi, na si baada ya mto kufurika, kijiji cha Uluguru kinaweza kupata daraja na kubaki na mto safi. Wanaochelewa kuanza ndio hulazimika kuchagua kimoja.