Mashine ya kufulia isiyozunguka: Pima kwanza, bei baadaye

Wafanyabiashara wa vyombo vya umeme vilivyotumika, hususan wanaoagiza mzigo kutoka Dubai na Ulaya kwa ajili ya wateja wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, wanaifahamu vyema hasara hii. Mashine ya kufulia inawaka taa, inaingiza maji, lakini pipa la nguo halizunguki. Wapo wanaoiuza kwa bei ya chuma chakavu. Wapo wanaokimbilia kununua bodi mpya, nayo ikaungua siku ile ile. Kwa vyovyote vile, kinachopotea ni mtaji.

Ukweli ni kwamba mota yenyewe si lazima iwe imekufa. Kanuni ya kuokoa fedha ni kuanza na kisicho na gharama na kumalizia na cha gharama kubwa. Na bodi isinunuliwe kabla mota haijapimwa.

Hatua zisizo na gharama

Plagi ichomolewe kwanza. Fundi azungushe pipa kwa mkono. Likiwa zito au likikwaruza, tatizo ni beringi, au sarafu iliyonasa kati ya pipa na tangi. Likiwa jepesi kupita kiasi, mkanda umevuka au umekatika. Mlango nao uangaliwe: kitasa chake cha umeme kisipofunga, bodi haitapeleka umeme kwenye mota. Mwisho, soketi za nyaya zichomolewe, zisafishwe kutu na kurudishwa. Kazi yote hii haihitaji kipuri.

Kujua aina ya mota

Baada ya hapo ni lazima kujua aina ya mota, kwani kila aina ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ni mota ya kaboni, iliyoenea katika mashine nyingi za Ulaya zinazofunguka mbele. Ina vipande viwili vya kaboni, ambavyo mafundi huviita brashi, vinavyosugua shaba za mota inapozunguka. Kaboni huisha kama soli ya kiatu. Zikibaki chini ya sentimita moja hivi, zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Hiki ni kipuri cha bei ndogo, na wengi wamewahi kutupa mota nzima kwa sababu yake.

Nyuma ya mota hiyo kuna koili ndogo inayopima mwendo na kuiarifu bodi. Koili ikikatika, au sumaku yake ikilegea, bodi hukosa taarifa. Mashine hushtuka mara moja mbili, au huzunguka kwa kasi, kisha hujizima. Iwapo pipa linaondoka kwa kasi ya kukausha mara tu linapoanza, washukiwa ni wawili: koili hiyo, au traiaki, yaani swichi ndogo ya kielektroniki iliyo kwenye bodi. Traiaki peke yake hubadilishwa na fundi redio mzuri bila kununua bodi nzima.

Ya pili ni mota inayoanzishwa na kapasita, inayopatikana katika mashine za matangi mawili. Ikinguruma bila kuzunguka, kapasita ndiyo ya kupimwa kwanza. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti zisizopungua za zamani.

Ya tatu ni mota ya inveta, isiyo na kaboni. Nyaya zake tatu zipimwe mbili mbili kwa mita: vipimo vitatu vinapaswa kulingana. Kimoja kikitofautiana sana, mota ina hitilafu. Vyote vikilingana, na hakuna waya unaogusana na bodi la chuma la mota, upelelezi uhamie kwenye kihisi cha mzunguko, nyaya, na mwishowe bodi. Tahadhari: kapasita za bodi ya inveta huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi asubiri dakika kadhaa na kupima kabla ya kugusa.

Kwa nini bodi mpya huungua

Bodi ni mlinda mlango wa umeme unaokwenda kwenye mota. Mota yenye koili zilizogusana, au yenye kaboni zilizokwisha na kutoa cheche kubwa, huvuta umeme usio wa kawaida na kuiunguza bodi. Anayebadilisha bodi na kuiacha mota hiyo hiyo bila kuipima amenunua hasara ya pili. Kwa sababu hiyo, bodi iliyoungua ihesabiwe kuwa dalili, na chanzo kitafutwe.

Chanzo kingine ni umeme usiolingana. Mashine za Japani hutengenezwa kwa volti 100, na nyingi za Marekani kwa volti 120 na mizunguko 60. Tanzania na Kenya hutumia takriban volti 230 hadi 240 na mizunguko 50. Kibati cha nyuma ya mashine kisomwe kabla ya kulipia mzigo, wala si baada ya moshi kutoka.

Kupanga bei

Mnunuzi wa mashine mbovu achukue bei ya kuuzia mashine nzima ya aina hiyo, atoe kipuri, ufundi, usafiri na faida yake. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha kununulia. Muuzaji akikataa mashine isipimwe, hesabu ifanywe kana kwamba mota na bodi vyote vimekufa. Naye muuzaji mwenye mzigo stoo atafaidika kwa kuzipima mashine zake kabla ya kuziita chakavu, kwani tofauti kati ya mbovu ya kaboni na mbovu ya bodi ni fedha nyingi.

Kila mashine iandikiwe aina ya mota, kipimo kilichopatikana na kipuri kilichowekwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.