Vazi la Mti



Sisi wa Ukambani twajua thamani ya maji. Huko Kitui akina mama huchimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yatokee. Mchanga umeyatunza. Leo twataka kutazama mtunzaji mwingine wa maji, naye hukaa juu ya mti.

Ukipanda vilima vya Chyulu, upande wa Makueni, waiacha nyika yenye joto. Kileleni, zaidi ya mita 2,000, msitu hufunikwa na mawingu yaletwayo na upepo wa Bahari ya Hindi. Hapo mashina ya miti yamevikwa vimea vya kijani, laini kama sufu. Wala si vya aina moja. Chini penye kivuli vingine ni vinene kama zulia. Vingine vimelala bapa kama magamba ya samaki. Juu penye jua na upepo vingine ni vifupi, vimeshikamana na gome. Kila kimoja kina mahali pake.

Mzee mmoja alituuliza, "Mchungaji, hivi si kupe wa mti? Mbona tusivikwangue?"

La, mzee wetu. Havina mizizi ya kweli, wala havinyonyi mti. Hunywa mvua na ukungu kwa majani yao. Jua likiwaka hukauka kana kwamba vimekufa; unyevu ukirudi, huwa kijani tena.

Tena havijishibishi wenyewe tu. Pamoja na majani ya miti, hunasa ukungu, ukadondoka tone kwa tone. Ardhi ya Chyulu ni mawe ya volkeno yenye matundu, kwa hiyo maji huzama, yakatokea mbali: chemchemi ya Umani karibu na Kibwezi, na ya Mzima, ambayo maji yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa.

Basi akatwapo mti mzee kwa ajili ya magunia ya makaa, huanguka pamoja na vazi lililofumwa miaka mingi. Mche tupandao leo hautalivaa kesho.

Hekima ya Mfalme Sulemani haikuishia kwenye mwerezi mkubwa; alifundisha hata habari za hisopo, mmea mdogo wa ukutani. Nasi tusiwadharau wadogo walioshika kikombe chetu cha maji.

Tuombe: Ee Bwana, utufumbue macho kabla hatujainua shoka. Amina.